Njia ya Mjomba

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Najua utauliza kwa nini naandika kwa karatasi kama mtu wa zamani wakati simu ninayo. Ni kwa sababu wewe ukipokea simu unapiga kelele mpaka maabara nzima inajua habari zetu, na mama naye simu yake huiweka spika hata akiwa sokoni. Ninayotaka kukuambia ni ya kazi, na mengine yanatia aibu kidogo, kwa hiyo nimeona bora yaje yamefungwa kwenye bahasha.

Nimepokelewa vizuri. Chumba chetu kiko chini kabisa, hakina dirisha, na panya wanakaa chumba cha pili ambacho ni safi kuliko nilichopanga mimi. Profesa ni mama mfupi asiyecheka, anatembea na kikombe cha chai iliyopoa tangu asubuhi. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema, "Huyu kafundishwa na yule bwana wa figo." Laiti ungewaona walivyogeuka! Ripoti yako ya kwenye jarida wameichapa na kuibandika ukutani juu ya meza ya upasuaji. Nilivyo na mdomo, nikaropoka kwamba wewe ni mjomba wangu, na tangu hapo wanaiita "njia ya mjomba." Hata pampu ya kusukumia dawa wameinunua kwa sababu yako, ileile uliyoitaja, bado inanuka plastiki mpya.

Mama ameniuliza mara kadhaa tunawafanya nini hao panya. Nimemweleza hivi: kuna watoto wanazaliwa na jeni moja mbovu ya figo, na sisi tunatafuta namna ya kuwapelekea iliyo nzima. Tunachukua kirusi, tunakinyang'anya ugonjwa wake, tunakibebesha jeni kama tarishi. Ukikiachia kwenye damu hivihivi, ini linakidaka njiani na figo haipati kitu. Ndiyo maana tunakipeleka mpaka mlangoni: panya akiwa kwenye usingizi wa dawa tunabana mshipa wa figo kwa muda mfupi, tunasukuma dawa ndani, tunaachia. Kwa sasa jeni yenyewe ni ya kung'aa kijani tu, ili tukitazama kwa darubini tujue mzigo umefika. Mama akasema, "Kwa hiyo mnawatia panya taa." Nikamwambia ndiyo, mama.

Sasa aibu yenyewe. Panya wangu wa kwanza alikufa, na wa pili akamfuata. Figo ilivimba na kuvuja damu mbele ya macho yangu kabla pampu haijamaliza kusukuma. Ulinifundisha kufungua na kushona, lakini kusukuma dawa sikuwahi kukuona, maana nilipokuja kwako kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Profesa alikunywa chai yake. Nina mpaka mwisho wa Mei. Nisipomletea panya mzima, mwenye figo inayong'aa na mkojo safi, nafasi hii atapewa mwenzangu tunayemwita Miwani, nami nitafungasha nirudi nyumbani.

Niambie ninakosea wapi.

Mpwa wako,
Kifaranga


11 Februari

Kifaranga,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa miwani, mara ya pili kwa kujidai. Yaani ripoti yangu iko ukutani! Nimemwonyesha mlinzi wa getini. Amesema sasa nitaacha kumsalimia.

Hao wawili usiwalilie. Nani hakuua panya alipoanza? Mimi nilipoanza niliwamaliza mpaka mtunza wanyama akawa ananikunjia uso kila nikiingia. Angalia mambo madogo. Dawa iwe na uvuguvugu, usiitoe kwenye jokofu ukaisukuma baridi. Sindano ichomeke kwenye mshipa bila kuuchana. Ukibana, bana kwa adabu, huo mshipa si kamba ya mbuzi. Na usile haraka haraka kabla ya kazi, mikono inatetemeka ukiwa na gesi tumboni.

Huyo Miwani usimwogope. Wenye miwani tunaonekana tuna akili kwa sababu ya vioo.

Msalimie Profesa. Mwambie nimefurahi wameona kazi yetu inafaa.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Dawa naipasha, mshipa sichani, tumbo nalilinda. Bado wanakufa.

Nakueleza kama ninavyoona. Naweka pampu kwenye kasi uliyoandika. Inaanza vizuri, figo inabadilika rangi, ile nyekundu iliyoiva inakuwa nyeupe nyeupe. Mimi moyoni nasema basi, inatosha. Lakini pampu haijamaliza, inaendelea kusukuma, na ghafla figo inajaa na ngozi yake inapasuka pembeni. Natazama mashine, natazama ripoti yako ukutani, namba ni ileile. Basi kosa ni langu, sivyo?

Miwani juzi amenitibua. Alisimama mbele ya ripoti yako akijikuna kidevu, akasema, "Labda huyu bwana alitia chumvi." Mjomba, nilimjia juu mpaka wenzetu wakaacha kula. Nilimwambia wewe hujui hata kumshika panya mkia, unathubutu kumsema mtu aliyefanya kazi hii kwenye chumba kinachovuja mvua? Akaomba radhi. Halafu nikacheka peke yangu kwa jambo jingine: ubavuni mwa pampu kuna kibandiko cha maelekezo, na kwenye mfano wao wameandika kasi ileile ya kwako, mpaka ile namba ya baada ya nukta. Nikamvuta Miwani shati, nikamwambia tazama, hata waliotengeneza mashine wamechukua kwa mjomba!

Lakini nikiwa peke yangu najiuliza. Je, kuna kitu ulifanya na pampu ambacho hukukiandika? Hata kitu kidogo. Niambie tu. Sitamwambia mtu.

Kifaranga


9 Machi

Kifaranga,

Nimechelewa kujibu, kulikuwa na shughuli nyingi hapa.

Hapana, hakuna nilichokiacha. Mashine haina kosa. Mashine ni mashine.

Nimefikiri sana kuhusu ulichoandika, na nitakuambia ukweli kama mzazi, usiuchukulie vibaya. Nadhani ni mikono. Mikono yako ni mizito. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa hivyo, ulikuwa ukishika kitu unakikamata kama kitakimbia. Wapo watu wenye mkono mwepesi na wapo wenye mkono mzito, wala si dhambi, ni maumbile. Unapochomeka sindano huenda unaubonyeza mshipa bila kujua, dawa inakosa pa kupita, figo inajaa. Fanya mazoezi. Tafuta nyanya mbivu, ijaze maji kwa sindano bila kupasua ngozi.

Na jaribu pia kupunguza kasi ya pampu, hata nusu. Si kwa sababu namba ina tatizo. Ni kwa ajili ya mkono wako.

Kuhusu kibandiko, usiwe unawaonyesha watu vitu kama hivyo. Watasema tunajisifu.

Mjomba


30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa kunieleza wazi. Niliposoma nililia, lakini afadhali kujua.

Nimepunguza kasi hadi nusu kama ulivyosema. Figo hazipasuki tena. Ila sasa pampu inachukua muda mrefu na mshipa unabaki umebanwa muda wote huo, figo inakaa bila damu inachoka. Panya wanaamka, wanakunywa maji, siku ya pili mkojo unakuwa mchafu, na kwenye darubini hakuna kijani hata cha kubahatisha. Nikienda kasi napasua, nikienda pole naua. Kwa mtu mwenye mkono mwepesi nadhani pangekuwa na katikati.

Nanunua nyanya kila siku. Mwenye genge anadhani nimefungua mgahawa. Za mwanzo nilizitoboa ovyo, sasa naweza, lakini nikimgeukia panya naiona mikono yangu kama ya mtu mwingine. Nilikuwa siitazami kabisa zamani. Sasa naitazama hata nikishika kijiko. Miwani jana alinipa kikombe nikakiangusha, na kabla hajasema kitu nikamwambia samahani, nina mkono mzito, ni maumbile. Alinishangaa.

Nimemweleza Profesa kwamba tatizo ni mikono yangu, si njia yako, ili asije akaanza kuishuku ripoti. Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Siku hizi wenzangu wakija kutazama namwomba kila mmoja asisimame nyuma yangu.

Nina aibu, mjomba. Umenitafutia nafasi, jina lako liko ukutani, na mimi nalichafua chini yake.

Kifaranga


14 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Unajua mimi na kalamu hatupatani, ukiona nimeandika ujue maji yamenifika shingoni.

Mtoto amebadilika. Akipiga simu anauliza hali, anasema yeye mzima, anakata. Nikimbana anasema eti ana mikono mizito, kazi imemshinda, huenda mwezi wa sita akarudi. Mikono mizito nani? Huyu aliyekuwa akiwatungia uzi kwenye sindano wanawake wa mtaa mzima? Huyu aliyenitoa mwiba wa samaki kooni kwa kibano cha nyusi wakati nyote wanaume mmesimama mnashauriana? Nani kamwambia maneno hayo? Kama ni huyo profesa wake, nina neno naye.

Kaka, wewe ndiye uliyemwonyesha njia hii, na huko wanakuheshimu. Mwandikie huyo mama umwombee mtoto, wamwongezee muda. Neno lako wewe litasikika. Mimi sina mwingine wa kumlilia.

Mdogo wako


22 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimepata barua yako. Nitamwandikia Profesa. Usiwe na wasiwasi.

Afya yangu si mbaya, silali tu vizuri.

Kaka yako


29 Aprili

Kifaranga,

Mama yako ameniandikia, na ana haki ya kukasirika.

Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara naishia kukueleza habari za hapa. Paa limezibwa. Mtunza wanyama amestaafu, tumemnunulia saa. Mlinzi bado ananitania.

Lile jambo la mikono, nadhani nililisema kwa ukali. Usilibebe sana. Mtu akiwa mbali anaweza kuandika kitu bila kufikiri. Kuna jambo nataka nikueleze kuhusu pampu, lakini linahitaji tukae pamoja, kwenye karatasi halitakaa sawa. Ukija likizo tutaongea.

Endelea kujaribu. Labda ijaribu kasi ya katikati.

Mjomba


12 Mei

Mjomba wangu mimi!

Shikamoo, shikamoo tena. Kaa chini kwanza.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa nimefungua panya, mshipa umebanwa, sindano iko ndani, pampu imeanza. Umeme ukakatika. Taa ya dharura ikawaka lakini pampu ikafa palepale, na kuisubiri ni kumuua mnyama. Sikufikiri. Nilichomoa bomba la sindano kwenye mashine, nikalishika, nikasukuma kwa dole gumba. Kwanza nikasikia inakataa, nikalegeza. Ikakubali, nikasukuma. Nikawa naitazama figo tu, inapauka kutoka katikati kwenda pembeni, na ilipofika ukingoni nikasema moyoni basi, nikaacha. Dawa ilikuwa bado imebaki kwenye bomba. Nikaachia mshipa, wekundu ukarudi wote.

Panya yule ni mzima! Mkojo wake safi kama maji ya kunywa. Na tangu siku hiyo nimewarudia wengine hivyohivyo kwa kidole, mlango nimefunga, umeme upo. Wote wazima. Nimepasua figo ya mmoja wa hao wa kwanza kuitazama kwa darubini, na mjomba, kijani kimejaa mpaka nikamwita Miwani aje aniambie kama naota. Akavua miwani akaifuta akaivaa tena.

Lakini nina jambo la aibu na ni wewe peke yako ninayeweza kumwambia. Sijamwambia mtu kwamba nimetumia kidole. Wanadhani ni pampu. Ninajua nilichofanya ni ujanja wa mtu aliyeshindwa njia ya kweli. Wewe uliweza kwa mashine, kwa kipimo, kama mtaalamu, na mimi nimebabaisha kwa dole gumba kama anayejaza baiskeli upepo. Nikisema hivyo mbele yao, kwanza watanicheka, na pili Miwani ataanza tena kusema labda ripoti yako haifanyi kazi. Sitaki jina lako liguswe kwa sababu ya mikono yangu.

Kwa hiyo nimeamua. Kwenye ripoti yangu nitaandika pampu, na kasi nitaweka ya kwako. Profesa amefurahi mpaka ameisogeza siku ya kuwasilisha, ni Ijumaa hii. Akishaniidhinisha, timu ya chumba cha jirani wataanza na nguruwe kwa kasi hiyohiyo, figo za nguruwe zinakaribia za watu, na daktari wa watoto kutoka hospitalini atakuwepo kusikiliza. Ana wagonjwa wanaosubiri.

Mama ameniambia umeahidi kumwandikia Profesa aniongeze muda. Usijisumbue, haina haja tena. Naomba baraka zako tu.

Kifaranga wako


18 Mei

Mwanangu,

Barua yako imenifikia leo, Jumatatu, na Ijumaa imeshapita. Naomba iwe uliugua, au Profesa alisafiri, au lolote lile lililokuzuia kusema.

Usiandike pampu. Sikuwahi kutumia pampu.

Tuliyonayo tuliletewa na wafadhili, na haijawaka hata siku moja. Tuliifunika kitambaa kizuri, wageni wakija tunaifunua. Kazi yote niliifanya kwa dole gumba, kama ulivyofanya wewe Jumatatu ile, kwa kutazama rangi na kusikiliza inapokataa. Ripoti ilipoenda kwenye jarida, wakaguzi waliuliza kwa heshima tu: pampu mliyotumia ni ipi na kasi yake ilikuwa ngapi? Niliona aibu. Nilijiona mimi na chumba changu kinachovuja, nikawaona wao wakisoma kwamba tunasukuma kwa kidole, wakicheka. Nikaenda nikafunua kitambaa, nikasoma kibandiko, nikaandika namba ya mfano. Hawakuuliza tena. Wakachapa.

Uliponiambia kuhusu kibandiko nilikaa kwenye kiti mpaka wakaja kufunga ofisi. Ulidhani wao wamechukua kwangu. Hapo ndipo ningesema, na badala yake nikakuambia mikono yako ni mizito. Nilijua si mizito. Nilitafuta kitu cha kuweka mbele yangu, na kilichokuwa karibu ni wewe. Kisha nikakuacha utoboe nyanya.

Sijui niandike nini kuhusu hilo. Nina aibu mpaka nashindwa kujitazama ninaponyoa.

Leo hii nimeandikia jarida waiondoe ripoti, nimemwandikia mkurugenzi wetu, na Profesa wako nimemwandikia kwa barua pepe na kwa karatasi. Nimewaambia nguruwe wasiguswe kwa kasi ile, na mtoto wa mtu asisogezwe karibu nayo. Nimemwambia Profesa kwamba ulichofanya kwa kidole ndiyo njia yenyewe, na kwamba umeigundua mwenyewe bila msaada wangu. Lolote watakalonifanya ni haki yangu.

Mikono yako ni myepesi kuliko yangu. Naomba uamini hilo kama ulivyoamini lile jingine.

Mjomba wako


3 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Ijumaa nilisema pampu. Nilisimama mbele yao wote nikataja kasi bila kupepesa, na daktari wa watoto akaiandika. Alinishika mkono baadaye, akanishukuru. Barua pepe yako kwa Profesa ilifika Jumatatu.

Aliniita ofisini. Hakuwa na kikombe. Alinisomea ulichoandika kuhusu mimi, mazuri yote, halafu akauliza, "Ijumaa ulitumia neno gani?" Nikasema, "Pampu." Akauliza, "Na ulijua?" Nikasema nilijua ya kwangu, ya mjomba sikujua. Nilitaka kumweleza kwamba nilikuwa nakulinda, lakini nilivyosikia maneno yale kichwani mwangu niliona yalivyo, nikayaacha. Nguruwe wamesimamishwa. Daktari amejulishwa. Kwa hilo umewahi, na nakushukuru.

Profesa si mtu mbaya. Alisema kusema uongo ni jambo zito lakini mimi bado ni mgeni wa kazi, na kama njia ni ya kweli anataka kuiona kwa macho yake. Wakaniwekea panya, wakasimama wote, Miwani pia, na mkurugenzi wao ambaye sikuwahi hata kumwona akishuka kule chini. Barua yako nilikuwa nimeisoma asubuhi hiyohiyo. Nilijua mikono yangu ni myepesi, umeniandikia mwenyewe. Nikashika bomba la sindano. Nilijiambia tazama rangi. Sikuitazama rangi. Nilikuwa nakitazama kidole changu. Figo ilipasuka. Wakanipa panya wa pili, figo yake nayo ikapasuka, na wa tatu nikamwomba Profesa nisimguse.

Miwani akanawa mikono. Nilisimama pembeni yake nikamwelekeza: hapo inakataa, legeza, sasa sukuma, ngoja ifike ukingoni, basi, acha. Akapata mara ya kwanza. Panya wake yuko hai mpaka leo, figo inang'aa. Kwa hiyo njia ni ya kweli, mjomba, wala hukudanganya kwamba inawezekana. Wameshaanza kuiandika upya, kwa kidole, na jina langu litakuwepo mahali fulani chini. Nafasi amepewa yeye. Hakufurahia, na alinibebea sanduku mpaka kituoni.

Uliniomba niamini hili kama nilivyoamini lile. Nimejaribu. Lile niliishi nalo tangu mwezi wa tatu kila nilipogusa kitu. Hili limekuja asubuhi moja.

Nimefika nyumbani juzi. Mama sijamwambia. Nilimwambia tu kwamba ulimwandikia Profesa, na kwamba yaliyobaki utamweleza wewe mwenyewe. Ameelewa anavyotaka kuelewa. Anadhani nimekuja likizo, na kwamba barua yako ndiyo iliyoniokoa. Amewaambia majirani. Amesema kaka yake akisema neno, hata maprofesa wanasikiliza. Sikuwa na nguvu ya kumkatiza, na kusema kweli sikutaka, maana safari hii si mimi wa kubeba.

Anakungoja Jumapili mchana. Amemwalika na shangazi. Anapika tangu leo, kwa hiyo usichelewe.

Mpwa wako